Picha ya Kichwa cha Mtoto: Ni Nani wa Kulaumiwa?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayoleta ugomvi nyumbani: fedha, pombe, wakwe, na kukosa kusikilizana. Leo tunataka kutazama jambo moja linaloingia nyumbani likiwa ndani ya bahasha kubwa ya hospitali, nalo lina nguvu ya kuvunja ndoa kuliko hayo yote. Ni picha ya kichwa au ya mgongo wa mtoto.

Wazazi wengi wa Kisii na Nyamira wameipokea bahasha hiyo. Mtoto kichwa chake kimekua haraka kupita kiasi, au amezaliwa na uvimbe mgongoni, au anapatwa na degedege kila mara, au amefika umri wa kukaa na bado hakai. Daktari ameagiza picha, picha imepigwa, na sasa jamaa wote wanajua. Swali la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa si, "Tumsaidieje mtoto?" Mara nyingi swali la kwanza ni, "Jambo hili limetoka upande gani?" Watu wa mume husema kwamba katika ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii. Watu wa mke hukumbuka jirani aliyemtazama mama vibaya alipokuwa mjamzito. Mume hunyamaza, na kunyamaza kwake humuumiza mke kuliko maneno.

Basi tujiulize kama Wakristo: Picha inayoonyesha ugonjwa, je, inaonyesha pia mkosaji? Na je, inawawekea mke na mume wajibu gani?

OMOBARI NA OMORAGORI

Abagusii walijua kufungua fuvu la kichwa zamani sana. Mabingwa wa kazi hiyo waliitwa ababari. Mtu aliyepigwa au kuanguka, kisha akaendelea kuumwa kichwa bila nafuu, alipelekwa kwa omobari. Huyu alipasua ngozi, akatafuta ufa katika mfupa, akaukwangua na kuutoa. Katika karne ya 20 madaktari kutoka ng'ambo walikuja kuitazama kazi hiyo na kuandika habari zake. Hatumshauri mtu yeyote ampeleke mtoto kwa omobari leo. Hatari yake ni kubwa mno. Lakini tukumbuke kwamba omobari alikwenda penye jeraha lenyewe. Alitaka kujua: Ni wapi?

Kulikuwa na mtu mwingine, omoragori, mtabiri. Huyo aliendewa kwa swali tofauti kabisa: Ni nani? Ni nani aliyekasirika, ni mzimu gani, ni mwiko upi uliovunjwa, ni jirani yupi mwenye kijicho?

Mashine ya picha ni mrithi wa omobari. Inafanya kazi yake vizuri zaidi, bila kisu na bila damu. Matata yanaanza pale sisi tunapoichukua kazi ya omobari na kuidai jibu la omoragori.

PICHA INAONA NINI

Ni vizuri wazazi wajue kidogo habari za mashine hizi, maana mtu asiyejua ni rahisi kudanganywa na kutishwa.

Kwa mtoto mchanga, picha iliyo rahisi ni ile ya altrasaundi, ambayo akina mama wengi wameizoea katika ujauzito. Utosi wa mtoto ukiwa bado laini, daktari huweka kifaa juu yake na kuona maji yaliyo ndani ya ubongo. Haiumizi wala haina miali yenye madhara. Lakini dirisha hilo hufungwa: kwa kawaida utosi umekwisha kuwa mgumu mtoto afikapo mwaka mmoja na nusu. Mwenye kukawia hupoteza njia iliyo rahisi.

Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa. Kwa njia hiyo inaweza kugundulika, kwa mfano, kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo wa mtoto na kuanza kumpinda. Mashine ya CT hupiga eksirei nyingi kuzunguka kichwa na kuziunganisha, na kwa dakika chache daktari huona damu, maji na mfupa uliovunjika. Miali yake ni mingi kuliko ya eksirei moja, na mwili wa mtoto hudhurika nayo upesi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo isipigwe bila sababu nzuri. Mashine ya MRI hutumia sumaku, haina miali hiyo, na huonyesha ubongo na uti wa mgongo kwa undani sana. Shida yake ni kwamba inachukua muda mrefu na ina kelele, na mtoto mdogo asiyeweza kutulia hubidi alazwe usingizi kwa dawa.

Hizo ndizo kazi zake. Tena zina mwisho. Mtoto anaweza kuwa na kifafa na picha yake ikawa safi kabisa. Mwingine picha yake inaonyesha ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa, lakini haiwezi kusema kama atatembea, kama atazungumza, wala kama atamwita mama yake kwa jina. Mambo hayo huonekana polepole, kwa mazoezi na kwa malezi.

SABABU NI KITU KIMOJA, HATIA NI KINGINE

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Nao waliuliza swali lile lile linaloulizwa vijijini mwetu: ni nani aliyetenda dhambi, ni yeye au ni wazazi wake? Bwana Yesu alikataa yote mawili. Hakusema kwamba upofu hauna sababu. Alikataa kuugeuza upofu kuwa hukumu juu ya wazazi, kisha akainama, akafanya tope, akaanza kumponya.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Ugonjwa una sababu, na sababu ni ya kutafutwa ili mtu apone na mwingine akingwe. Hatia ni jambo la dhamiri: ni pale mtu anapojua lililo baya na kulitenda kwa hiari yake. Mtu anaweza kuwa sehemu ya sababu bila kuwa na chembe ya hatia.

Tuchukue ugonjwa wa kichwa kujaa maji. Katika hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, daktari Benjamin Warf na wenzake waliwachunguza watoto wengi wa aina hii. Mwaka 2005 walitangaza kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao walipata ugonjwa kutokana na maambukizo, mengi yakiwa ya mwezi ule wa kwanza baada ya kuzaliwa. Ni vijidudu vilivyofika katika ubongo. Havikuulizia ukoo wa baba wala wa mama.

Tuchukue tena mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe, na mara nyingi mama mwenyewe hajatambua kwamba ana mimba. Moja ya sababu ni upungufu wa vitamini iitwayo asidi ya foliki. Mwaka 1991 uchunguzi mkubwa uliofanywa chini ya usimamizi wa Waingereza ulionyesha kwamba, kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, vitamini hiyo ilizuia karibu robo tatu ya ugonjwa kurudi. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inadai unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe vitamini hiyo. Lakini familia nyingi za Gucha, Borabu au Manga husaga mahindi yao wenyewe katika kinu cha jirani, na unga huo hautiwi kitu. Sasa tumlaumu nani? Mama aliyepika ugali wa shamba lake? Mume aliyelima? Mwenye kinu?

Sababu ipo, hatia haipo. Mke na mume wakishika tofauti hiyo, watafanya mambo mawili kwa pamoja: wataacha kuumizana, tena watajikinga kwa mtoto ajaye. Mama anayetarajia kupata mimba atumie vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, akianza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba na kuendelea wiki 12 za kwanza. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, nacho kitolewe na daktari. Chinsaga, rinagu na maharagwe ni chakula chema, ila havitoshi peke yake. Na mama anayetumia dawa za kifafa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa hizo huongeza hatari. Lakini asiziache kwa kujiamulia mwenyewe.

LAWAMA INAWEZA KUUA

Mtu asidhani kwamba maneno haya ni ya darasani. Mwezi Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mwezi Oktoba 2021 wazee wanne wa kike waliuawa na kuchomwa huko Marani kwa dhana kama hiyo. Waliouawa namna hiyo ni mama zetu na nyanya zetu.

Si kila kesi ya namna hiyo inaanza na mtoto mgonjwa. Lakini kila nyumba inayosema, "Mtoto wetu amefanyiwa jambo," inatafuta mtu wa kubeba jina hilo, na mara nyingi humpata mwanamke mzee asiye na mtetezi. Basi Mkristo mwenye picha ya daktari mkononi, kisha akamwendea omoragori ili kutafuta jina, ajue anacheza na moto ambao hataweza kuuzima. Amri ya tano inamhusu, hata kama hakuwasha kiberiti.

JE, KAMA KWELI KUNA ALIYEKOSA?

Lazima tuseme ukweli wote. Ziko picha zinazoonyesha damu kichwani mwa mtoto aliyepigwa, au aliyetikiswa kwa hasira kwa sababu hakuacha kulia. Uko uchungu ulioanza mapema kwa sababu mume alimpiga mke mjamzito. Uko ugonjwa uliozidi kwa sababu baba alikataa kutoa nauli huku akinywa fedha za majani chai.

Hapo hatia ipo, na hatuwezi kuifunika kwa maneno matamu. Mwenye kosa na alikiri, kwa mwenzake na katika Sakramenti ya Kitubio. Ikiwa mtoto au mama bado yuko hatarini, kumwondoa katika hatari kunatangulia hata mapatano, na kutoa habari kwa wenye mamlaka si kuisaliti ndoa. Lakini hata katika jambo hili, tazameni kinachomhukumu mtu: ni tendo lake analolijua moyoni. Picha ilionyesha damu tu. Asiyetenda kosa asibebeshwe kwa sababu tu mtoto amezaliwa na maumbile tofauti, na aliyetenda asijifiche nyuma ya jirani mchawi.

WAJIBU UNA MPAKA

Wengine huuliza: Je, tunatenda dhambi tusipouza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili ya picha? Baba Mtakatifu Pio wa 12 alilijibu swali la namna hii mwaka 1957 alipozungumza na madaktari, na Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2278, inafuata njia hiyo. Mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai na afya. Halazimiki kutumia njia zenye mzigo usiolingana na faida inayotumainiwa.

Kwa hiyo mke na mume waulize daktari swali moja bila haya: "Picha hii itabadilisha nini katika kumtibu mtoto wetu?" Kama kichwa kinakua na macho yanatazama chini kama jua linalotua, picha ya kwanza itafungua mlango wa matibabu, na kukawia kwa siku huumiza ubongo. Hapo wajibu ni mzito, na kungoja bonasi ya chai ya Oktoba si busara. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama uvimbe wa mgongoni umepasuka, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kama madaktari wamekwisha kueleza kwamba ubongo uliumia zamani na matibabu ni mazoezi tu, wazazi wanaokataa picha ya tatu na ya nne ili wapate fedha za mazoezi, chakula na karo ya wengine, hao hawajamwacha mtoto wao. Wamechagua upendo wenye akili.

Tena matibabu yapo. Maji ya kichwani huweza kupitishwa kwa kimpira chembamba, ambacho huitwa shanti, hadi tumboni. Pia daktari huweza kuyafungulia njia mpya ndani ya ubongo, kama walivyofanya huko Mbale kwa maelfu ya watoto. Humu Kenya, ndugu zetu wa Hospitali ya AIC Kijabe, wakishirikiana na BethanyKids, wamewapasua watoto wa namna hii kwa zaidi ya miaka 20. Anzeni karibu: zahanati, kisha Hospitali ya Kaunti ya Nyamira, Hospitali ya Rufaa ya Kisii, au Hospitali ya Mtakatifu Kamili huko Tabaka, nao watawaelekeza. Na kwa kuwa bima ya NHIF ilikwisha na kazi yake kuchukuliwa na SHA mwezi Oktoba 2024, hakikisheni kwamba jina la mtoto limeandikwa huko mapema.

PICHA KABLA YA KUZALIWA

Kuna picha inayoonyesha ugonjwa mtoto akiwa bado tumboni. Kanisa linasema nini? Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, na waraka wa Evangelium Vitae wa Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1995, zinafundisha kwamba uchunguzi huo ni halali ukiheshimu uhai wa mtoto na kulenga kumlinda au kumponya. Unakuwa mbaya ukifanywa kwa nia ya kumtoa akionekana mgonjwa.

Basi msiikimbie altrasaundi ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24. Wazazi wakijua mapema kwamba kichwa cha mtoto ni kikubwa au mgongo haukufunga, watapanga azaliwe penye daktari wa upasuaji, si nyumbani wala katika zahanati ndogo usiku wa manane. Na ikiwa mtu atawanong'oneza kwamba ni heri mtoto huyo asizaliwe, mjibuni kwamba mmeonyeshwa ugonjwa wa mtoto, na thamani yake hamkuhitaji kuonyeshwa na mashine. Mliijua tangu mlipojua kwamba yupo.

NENDENI WAWILI

Tumalize kwa shauri moja lililo rahisi, na tunaliona kuwa kubwa kuliko mengine. Siku ya kusomewa picha, nendeni wawili.

Katika kliniki zetu wanaoonekana na watoto mgongoni ni akina mama. Mama husikia habari nzito peke yake, kwa maneno asiyoyazoea, kisha hupanda matatu na kurudi kuwaeleza mume, mama mkwe na shemeji. Akisahau neno moja husemwa anaficha. Akilia husemwa anajua alichokifanya. Huko ni kumtwika mke msalaba wa watu wawili.

Baba akiketi pale naye, akaona kwa macho yake palipojaa maji, akamuuliza daktari maswali yake yote, mambo hugeuka. Jioni akirudi, yeye ndiye atakayesema mbele ya mama yake na ndugu zake: "Nimeona mwenyewe. Ni ugonjwa, na unaitwa hivi, na tutafanya hivi. Mke wangu hakukosa, na jirani yetu hakukosa." Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mume hufunga midomo mingi. Mama mkwe naye si adui. Mara nyingi hofu ndiyo inayomsemesha. Mwiteni, mketisheni, mwonyesheni ile picha, kisha mpeni mjukuu wake ampakate.

Siku ya arusi mliahidiana kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa. Hamkujua kwamba ugonjwa wenyewe ungekuwa wa mtu wa tatu, mdogo, ambaye siku ile hakuwapo. Lakini naye yumo katika ahadi ile, maana ni matunda yake. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alizishukuru na kuzisifu familia zinazompokea kwa upendo mtoto mwenye ulemavu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na zifanye vivyo hivyo: zichange nauli ya kwenda Kijabe, zilinde shamba wakati wazazi wako hospitalini, na zikatae kubeba uvumi.

Bahasha ile ikifika kwenu, ifungueni pamoja mezani. Mkiitazama, muulizeni daktari, "Ni wapi, na tufanye nini?" Lile swali la "Ni nani?" lina jibu moja tu lililo jema. Ni mtoto wetu.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.